Jibu la Tangi

Kiti cha Kituo Kikuu kilikuwa na mto wa kitambaa cha buluu nilioushona kwa mkono wangu, na siku niliyovuliwa kiti hicho niliondoka na mto wangu kwapani. Niliufungua kamba zake nne, moja baada ya nyingine, bila haraka, mbele ya Mratibu wa Maafa na mbele ya mdogo wangu, na hakuna aliyethubutu kuniuliza naupeleka wapi.

Chumba chenyewe kimo chini ya ngazi za jengo la halmashauri, mahali palipokuwa zamani pakihifadhiwa mafagio na ndoo. Ukiingia huna budi kuinamisha kichwa. Ndani mna meza moja, redio mbili, betri ya gari kwa siku ambazo umeme hukatika, ramani ya mji, na saa ya ukutani ambayo Fundi Saa huirekebisha kila mwezi bila kuombwa. Sisi ni watu kumi na mmoja wa kujitolea. Hatulipwi. Kila mmoja alifanya mtihani, akapata leseni ya redio, akanunua chombo chake kwa jasho lake. Na mafuriko yanapokuja au moto unapozuka na simu zikazimika, halmashauri hutuita, nasi huwa masikio na kinywa chake. Anayekaa Kituo Kikuu ndiye kiongozi. Yeye humwita kila mtu kwa jina la mahali alipo, humpa ruhusa ya kusema, humnyamazisha, na huandika yote yaliyosemwa pamoja na saa yake. Kwa miaka kumi na tisa, aliyekaa hapo nilikuwa mimi.

Nje ya hewa tunaitana kwa majina ya kazi au ya utani; mimi walinibandika la Kalamu Nyekundu. Nilifundisha shule miaka thelathini na minne, na sikuona sababu ya kuacha kufundisha ati kwa kuwa nimestaafu. Mtu akileta taarifa iliyopinda, niliinyoosha papo hapo hewani, wenzake wote wakisikia. "Rudia. Maji yamefika wapi? 'Huko chini' si mahali." Ndivyo nilivyowalea.

"Shikamoo, Mwalimu," Mratibu alianza siku hiyo. Yeye nilimfundisha darasa la nne, na hadi leo akisimama mbele yangu huificha mikono mgongoni.

"Marahaba. Sema."

"Tumeona kwamba, baada ya mazoezi yale mawili, kiti tumpe Mama Kinanda. Wewe tutakuomba ushike Tangi."

"Nani ameona?"

"Tumeona, Mwalimu."

"Wewe na nani? Taja."

"Watu wanakuogopa. Mtu akiogopa kukosea, husubiri. Juzi Mwokaji alikaa na taarifa dakika tatu nzima, anaipanga kwanza kichwani."

"Ilipotoka, haikuwa safi?"

"Ilikuwa safi sana. Lakini ungekuwa moto wa kweli, ingetoka safi na nyumba imekwisha kuungua."

Kinanda ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake, ambayo hata akikuambia umedondosha kijiko utadhani anakubembeleza ulale. Alikuwa amesimama mlangoni, macho chini, akichezea funguo za nyumba yangu. Ni nyumba yangu, ingawa funguo alikuwa nazo yeye.

Tangu nipate akili, sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko zote ni hii: "Mpe mdogo wako." Nilishonewa gauni la kijani, mpe mdogo wako, wewe utapata jingine. Nilipewa kitanda cha dirishani. Mpe mdogo wako, ana kifua. Nilipougua surua nikaletewa maziwa ya kopo, alilia hadi naye akapewa, na surua hakuwa nayo. Baadaye aliipata pia, kutoka kwangu. Miaka minne iliyopita alifiwa na mumewe, akaja kwangu na sanduku moja, akawa anakaa jikoni akiutazama ukuta. Nilimwekea redio mezani ili apate la kufanya. Nilimfundisha alfabeti ya kuita, namna ya kubonyeza kitufe na kusubiri pumzi moja kabla ya kusema, namna ya kuandika. Mtihani wa kwanza alianguka. Tulirudia kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, akafaulu. Redio nilimpa ili asilie. Kiti sikumpa.

Wahenga walisema aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi. Mimi kumbi, hilo ganda la nazi la kukalia, sikulitaka.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Alhamisi alfajiri umeme ulikatika, na ilipotimu saa tatu asubuhi simu zote zilikuwa zimekufa. Mlinzi wa halmashauri alipita nyumba kwa nyumba akitugongea. Kinanda alikwenda kwenye chumba cha chini ya ngazi; mimi nilipanda Tangi.

Tangi ni tangi la maji la mji, lililojengwa juu ya kilima kinachougawa mji sehemu mbili. Upande mmoja kuna halmashauri na soko. Upande wa pili kuna mto, Daraja Dogo na kituo cha kulelea wazee. Redio za mkono za upande wa mto hazifiki vizuri Kituo Kikuu, maana kilima kimekaa katikati kama mlinzi mkaidi. Aliyeko juu husikia pande zote mbili. Kwa hiyo kuna kanuni, ya nne katika orodha iliyobandikwa ukutani pale ofisini, nayo iko katika mwandiko wangu: anayemsikia mtu asiyesikika Kituo Kikuu amsemee papo hapo. Mahali pale nilipachagua mimi mwenyewe zamani, nikawa nampeleka huko yeyote niliyetaka asinisumbue. Sasa nilikaa hapo mimi, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwavuli begani, redio magotini, daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

Nilianza kusikiliza makosa. Niliyatengea ukurasa wake nyuma ya daftari. "Haya, Soko, mpenzi, nakupata vizuri, pole na mvua." Mpenzi! Hewani! Hilo la kwanza. Hakurudia namba. Hilo la pili. Hadi saa nne yalikuwa tisa.

"Kinanda, hapa Soko!" Huyo alikuwa Mwokaji. "Maji yamefika ngazi ya pili ya ghala la unga, na mimi yamenifika kwenye soksi!"

"Tupe za ghala, Soko. Soksi utazianika mwenyewe."

Dereva wa lori la halmashauri alicheka, nilimsikia. Kisha Mwokaji akatoa taarifa yake yote, vipimo na saa, kwa pumzi moja, bila kujikwaa. Mtu yule yule niliyemrudisha mara nne katika mazoezi. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kucheka hewani kwangu, na nilikuwa nikiihesabu hiyo kuwa sifa. Kijiba cha roho kilinishika. Niliandika kosa la kumi: kicheko.

Saa nne na dakika thelathini na tisa nilimsikia Fundi Saa. Alikuwa amepangiwa Daraja Dogo, na sauti yake ilikuja nyembamba, imefunikwa na mvumo.

"Kituo Kikuu, Kituo Kikuu, hapa Daraja Dogo. Udongo umeondoka chini ya..." Ikapotea. "...gari lisi..."

Sikuyasikia yote, niliyasikia ya kutosha. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kituo Kikuu kilikuwa kimya, na ukimya ule nilijua maana yake: Kinanda hakusikia kitu. Mkono wangu wa kulia uliandika, kwa mazoea: *4:39, Daraja Dogo aita, udongo, gari.* Wa kushoto haukubonyeza.

Nilitaka aite tena. Naweza kulipamba jambo hili nikitaka, lakini lenyewe ni hilo. Nilitaka baadaye ijulikane kwamba mtu aliita, akaita, na yule wa sauti tamu hakumjibu. Nilitaka Mratibu aliyesimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, ajue kiti ni kitu gani.

*4:41, Daraja Dogo aita tena. Hajibiwi.*

Kisha, saa nne na dakika arobaini na mbili, sauti ya mdogo wangu ikanifikia wazi kama yuko jikoni.

"Tangi, hapa Kituo Kikuu. Dada, upo? Kuna uliyemsikia nisiyemsikia mimi?"

Lilikuwa swali langu. Nililitunga mimi, nikamfundisha mimi, neno kwa neno, juu ya meza ya jikoni, na alikuwa ameliuliza kwa wakati wake hasa. Hakukuwa na kosa la kuandika. Hilo ndilo lililoniuma kupita yote.

"Kituo Kikuu, hapa Tangi," nilijibu. "Hakuna."

"Asante, Dada. Jikinge na baridi."

*4:42, Kituo Kikuu chaniuliza. Nimejibu hakuna.* Hata hilo niliandika. Mkono uliozoea haumngojei mwenyewe.

Nilijiambia kwamba Fundi Saa akiita mara ya tatu nitamsemea, nami nitaonekana nimeokoa jahazi. Lakini saa nne na dakika arobaini na tano aliyeitwa alikuwa dereva wa lori, ambaye alikuwa ameiacha redio yake ndani ya lori akipakia wazee, na sasa amekwisha kupakia wote kumi na mmoja kuwapeleka shuleni, kwenye mwinuko. "Lori, barabara ndefu imezibwa na mti. Pitieni fupi, Daraja Dogo."

Nilibonyeza. Nilibonyeza kwa nguvu hata ukucha ukageuka mweupe, nikapaza sauti, "Lori simama! Simama!" Na wakati huo huo hasa Fundi Saa naye alikuwa amebonyeza kule chini. Hewani wawili wakisema pamoja hasikiki hata mmoja. Hutoka mlio kama wa birika linalochemka. Huo ndio waliousikia kule lorini. Nilipobonyeza tena, saa nne na dakika arobaini na sita, ujumbe ulifika mzima, lakini kutoka kituo cha wazee hadi Daraja Dogo ni hatua mia tatu tu.

Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limekwisha kuzama. Lori liliinama, halikupinduka. Wazee walishushwa kwa nyuma, mmoja mmoja, migongoni mwa watu. Hakufa mtu. Mzee Tarishi, ambaye ujana wake wote alisambaza barua za mji huu kwa baiskeli, alirushwa kwenye ubavu wa lori akavunjika mtulinga.

Jioni Kinanda alinijia kilimani na koti kavu. Hakuuliza kitu. Nyumbani alinipa chai, akachukua mfuko wangu uliokuwa umeingia maji, akasema, "Lala, Dada, daftari nitalianika mimi." Asubuhi nililikuta kando ya jiko, limekauka, limenyooshwa kwa tofali. Katikati ya kurasa za siku ile alikuwa ameweka kipande cha gazeti ili wino usihame. Alikipasua vizuri, kwa ukubwa wa ukurasa. Mtu hawezi kuweka karatasi mahali hapo hasa bila kuona palipoandikwa.

Alikuwa akimenya viazi. "Chai iko kwenye chupa," alisema.

Jumamosi tulikutana ofisini, juu ya ngazi, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya harufu ya matope. Dereva wa lori hakukaa.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja. Nani alinituma kule?"

"Mimi," Kinanda alisema.

"Na Daraja Dogo alikuwa hajasema kitu?"

"Nilikuwa sijamsikia. Nikachukulia kwamba kimya ni salama. Kosa ni langu, baba."

Fundi Saa alikuwa ameweka redio yake mezani, imefunguliwa, vipande vyote juu ya kitambaa cheupe kama viungo vya saa. "Niliita saa nne thelathini na tisa," alisema kwa unyonge. "Saa yangu haikosei. Redio ndiyo sijui. Nimeifungua yote, kila skrubu. Sioni ubovu."

Mratibu alipekua daftari la Kituo Kikuu. "Hapa imeandikwa Tangi aliulizwa."

"Aliulizwa, hakusikia," Kinanda alijibu upesi. "Kule juu mvua ilikuwa inapiga bati la tangi. Nani angesikia?"

Hakunitazama. Alikuwa ameikunja mikono mapajani, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu aliyekwisha kulia na kumaliza.

Mratibu alijikohoza. "Basi, Mwalimu. Nadhani sote tumeona. Tunakuomba urudi kwenye kiti."

Mwokaji alitikisa kichwa kukubali, kwa huzuni. Kiti kilikuwa kimewekwa mbele yangu, sikuwa na la kufanya ila kunyamaza. Nilikuwa nimekitamani kwa muda wa wiki saba. Nikamtazama mdogo wangu, nikaona anachokifanya. Alikuwa ananipa. Maisha yote mtoaji nilikuwa mimi. Hilo tu ndilo nililobakiwa nalo, kwamba mimi ndiye niliyetoa. Na sasa hata hilo alikuwa amelichukua, akalivaa, likamkaa vizuri kama lile gauni la kijani. Tungerudi nyumbani, angenimiminia chai, na kila siku hadi kufa kwangu ningeutazama wema wake mezani.

Hilo lilinishinda. Nilisimama.

"Naomba kusoma daftari la Tangi," nilisema.

"Dada, kaa," Kinanda alisema. "Si lazima."

"Usinikatize." Nilivaa miwani. "Saa nne na dakika thelathini na tisa, Daraja Dogo aita, udongo, gari. Saa nne na dakika arobaini na moja, Daraja Dogo aita tena, hajibiwi. Saa nne na dakika arobaini na mbili, Kituo Kikuu chaniuliza. Nimejibu hakuna." Nililigeuza daftari ili Mratibu aone mwandiko. "Bati halikupiga. Nilisikia. Kituo Kikuu hakikukosea."

"Mwalimu?" Dereva alisema, kama mtoto aliyeona kosa ubaoni.

Fundi Saa alivitazama vipande vya redio yake juu ya kitambaa, akaanza kuvirudisha mahali pake, kimoja kimoja. "Dakika saba," alisema. "Mimi nilidhani ni chombo."

Nilisimamishwa kwa miezi mitatu, na Mratibu aliponisomea uamuzi alikuwa ameitoa mikono mgongoni. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Kinanda alitembea mbele, kwa kasi, hadi kwenye kona ya duka la dawa ndipo aliponigeukia.

"Kwa nini hukunyamaza? Nilikuwa nimekwisha kulimaliza!"

"Kwa sababu ulikuwa umekwisha kulimaliza."

Alinikazia macho. "Dada. Hata wema wangu unauonea wivu?"

"Huo hasa."

Alifungua kinywa kunijibu, na badala ya jibu kikatoka kicheko, kibaya, chenye machozi ndani yake, akaniacha nimesimama hapo. Siku mbili hatukusemezana. Siku ya tatu aliniambia chumvi imekwisha.

Nilikwenda hospitali kumwona Mzee Tarishi, bega likiwa limefungwa, nikamweleza yote bila kupunguza. Alisikiliza hadi mwisho. "Miaka arobaini nimepeleka barua," alisema. "Nyingine za misiba, nyingine za watu niliowachukia. Sikuwahi kukaa na hata moja mfukoni, Mwalimu." Kisha akaniomba nimsogezee mto, nami nikausogeza.

Mto wangu wa buluu niliurudisha wiki hiyo hiyo. Nilishuka chini ya ngazi, nikainamisha kichwa, nikazifunga kamba nne kwenye kiti, Kinanda akinitazama. Akaukalia, akajigeuza huku na huku.

"Una mafundo, Dada."

"Utazoea."

Miezi mitatu ilipokwisha niliomba nipangiwe Tangi, wakanipangia. Jumamosi ya mazoezi nilipanda kilima na ndoo yangu, mwavuli na daftari jipya. Lilikuwa jua tupu. Wote waliitwa, wote walijibu, Mwokaji akatania, watu wakacheka. Ukurasa wa nyuma wa daftari niliuacha mtupu, ingawa kidole kiliniwasha mara mbili. Kisha ikaja sauti ile.

"Tangi, hapa Kituo Kikuu. Dada, kuna uliyemsikia nisiyemsikia mimi?"

Hapakuwa na mtu. Lakini neno lile siwezi kulitamka tena mahali pale.

"Kituo Kikuu, hapa Tangi," nilisema. "Nimemsikia Daraja Dogo akijaribu kitufe, hakusema kitu. Nimemsikia Soko akikohoa. Nimesikia maji yakiingia tangini. Kuna mbwa upande wa mto, anabweka mara tatu tatu. Kuna mtu anagonga bati, nadhani ni kwenye kituo cha wazee, wanaezeka upya."

"Dada," Kinanda alisema, na nilijua anatabasamu, na iliniuma, "yametosha."

"Andika," nilimwambia.